Usikope kitanda cha Holetown

Mwanangu mpenzi,

Waalaikumu salaam, na marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi baada ya Isha, nikaurudia alfajiri, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Unasema wenzako watano wa chuo wamepanga kukutana Barbados mwezi wa Februari, wote hoteli moja pale Holetown, siku saba, kisha siku tatu Rodney Bay kule Saint Lucia. Wewe ndiyo kwanza umeanza kazi hapo Toronto na hela hiyo huna. Ukaniuliza: "Mama, nikope kwenye kadi nikae nao, au niwaambie nimebanwa na kazi?"

Usikope, na usiwadanganye. Nenda. Ila usilale Holetown.

Nakuambia kama mtu aliyekopa na akadanganya, tena kwenye fukwe hizohizo. Mwaka 2013 tulikwenda Barbados manesi wanne wa wodi moja ya Birmingham. Mmoja ni mama yako mdogo wa Barbados, ambaye wewe unamjua kwa zile keki zake za Krismasi zilizolowa ramu ambazo sikukuruhusu uonje. Kwao ni hukohuko. Baba yake alikuwa mmoja wa vijana waliochukuliwa na shirika la mabasi la London, lililoanza kuajiri watu palepale kisiwani mwaka 1956. Serikali ya Barbados iliwakopesha nauli ya kwenda Uingereza, nao wakailipa kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara. Mama yako mdogo safari ile hakulala hotelini na sisi. Alifikia kwa shangazi yake Oistins, kijiji cha wavuvi upande wa kusini. Sisi watatu tukakaa Holetown, kwenye Pwani ya Platinamu, maana hivyo ndivyo wanavyoiita pwani ya magharibi, na jina halikukosewa.

Sikuwa na uwezo wa hoteli ile. Nilichukua kadi ya mkopo kwa sababu niliona aibu kuwa peke yangu nitakayesema sina.

Usiku wa kwanza tulikaa mkahawani, meza iko karibu na maji kiasi kwamba wimbi likija unasikia mchanga ukinyonywa chini ya miguu. Wakaleta orodha ya vyakula. Nikaona supu ya malenge na mkate, alama ya dola, 14. Nikapiga hesabu kichwani: dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani, hivyo ndivyo ilivyofungwa tangu 1975, basi ni kama dola saba, naimudu. Sikuuliza. Wenzangu wakaagiza kamba wakubwa, na chupa mbili za mvinyo ambazo mimi sikuzigusa. Bili ilipokuja, bei zote zilikuwa za dola ya Marekani, na juu yake asilimia 10 ya huduma. Mmoja wetu akasema, kwa wema kabisa, "Tugawe sawa tu." Sehemu yangu ikawa dola 78. Kwa supu. Nikatoa kadi, nikatia sahihi, nikatabasamu.

Kwa hiyo popote utakapoona alama ya dola Barbados, uliza kwanza: ya hapa au ya Marekani? Hakuna atakayekushangaa. Wanaulizwa kila siku.

Usiku wa pili nikasema kichwa kinaniuma. Wa tatu vilevile. Nilikula biskuti na ndizi chumbani, taa nimezima, nikiwasikia wakicheka chini. Jumamosi mama yako mdogo akanipigia: shangazi yake anapika, njoo Oistins. Nikakataa. Nilikuwa na sababu mbili, na zote sikumwambia. Moja, nilishalipia kitanda kwa bei ile, nikaona kutoka pale ni kukitupa. Ya pili ndiyo iliyouma zaidi: sikuwa na cha kumpelekea shangazi, na nimelelewa kwamba mkono mtupu haulambwi. Nikasema tena kichwa.

Tuliporudi Birmingham tulisalimiana kwenye korido kama watu wa idara mbalimbali. Yeye aliona nimemdharau kwao. Mimi niliona ananisema. Ilikwenda hivyo karibu miaka miwili.

Na kuna jambo lako humo. Unakumbuka safari ya shule ya kwenda Wales, ulipokuwa kidato cha pili? Nilikuambia nafasi zimejaa. Hazikujaa, mwanangu. Nilikuwa bado nalipa kitanda cha Holetown. Naomba unisamehe. Nilipaswa kukuambia zamani.

Mwaka 2015, kwenye chumba cha chai cha wodini, mama yako mdogo aliweka kikombe chini akaniuliza waziwazi, "Nilikukosea nini?" Nikamwambia habari ya kadi, ya supu, ya biskuti. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Shangazi alikuwekea sahani mpaka usiku. Aliifunika na nyingine juu." Hakunilaumu zaidi ya hapo, na sikuwa na la kujibu.

Ndiyo maana nasema usiwadanganye wenzako. Hasara ya hela niliijua tangu usiku wa kwanza, nikailipa ikaisha. Hasara ya "kichwa kinaniuma" sikuijua mpaka nilipokaa mbele ya kikombe kile.

Nilirudi Barbados Juni 2019. Safari hii nililala Oistins, kwa shangazi, chumba cha nyuma chenye feni na dirisha la mbao. Wenzetu wawili wakachukua tena hoteli Holetown, na sikuwaonea kijicho, maana hela yao wanaipenda hivyo. Siku tano kati ya saba tulikuwa pamoja tangu asubuhi.

Ufukweni ndiko tulikokutana. Shika hili, kwa sababu ndilo litakalokufungulia mlango: fukwe zote za Barbados ni za umma. Hoteli inamiliki viti vyake na miavuli yake, mchanga haimiliki. Kati ya ukuta wa hoteli moja na wa nyingine utaona vichochoro vya kwenda baharini, vingine vyembamba kama vya kwetu Chumbageni, Tanga. Unapita, unatokea palepale wanapokaa wageni wa maelfu ya dola, unatandika kanga yako. Nilitandika mimi, chini ya mkungu, mkungu huuhuu wa kwetu, na mivinje iko vilevile, nikaona kama niko Raskazone. Saa nne asubuhi wenzangu wakatoka na taulo za hoteli wakaviacha viti vyao, wakaja kukaa mchangani. Tuliogelea mpaka vidole vikakunjamana. Mambo yote ya maana tuliyozungumza safari ile, habari za waume, kustaafu, yule mgonjwa wa kitanda cha saba aliyetufia mikononi, tuliyazungumza ndani ya maji, na hapakuwa na bili.

Ila angalia mti unaokalia. Pwani ya magharibi kuna mti unaitwa manchineel, una matunda madogo ya kijani yanayofanana na tufaha. Mingi imepigwa alama nyekundu shinani au imewekewa kibao. Usile tunda lake, usiguse utomvu wake, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake hata dakika moja, matone yake yanababua ngozi. Mimi nesi nakuambia.

Kutoka kusini kwenda Holetown utapanda basi. Kuna mabasi ya serikali ya bluu, ya watu binafsi ya njano, na kuna vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, wenyewe huviita ZR kwa herufi za namba zake. Hivyo ukivipanda utajua ni daladala: muziki mpaka kifua kinatetemeka, konda ananing'inia, kiti cha watatu mnakaa wanne. Nauli ilikuwa imepanda mwaka huohuo kutoka dola 2 hadi dola 3.50 za Barbados, popote uendapo. Vituo vina vibao vya aina mbili, cha kwenda mjini na cha kutoka mjini, na kwa kisiwa kile hayo yanatosha. Mabasi ya kusini na ya kaskazini hayatumii kituo kimoja pale Bridgetown, kwa hiyo unakatisha mji kwa miguu. Ukipita Ijumaa, Msikiti wa Ijumaa uko Kensington. Waislamu wa pale wengi asili yao ni Gujarat, wazee wao walianza kwa kuuza vitambaa nyumba hadi nyumba, na utawasikia wakiongea Kigujarati kama wale wa madukani mjini Tanga.

Na ukiingia ndani ya basi, salimia. Basi zima. Barbados mtu haingii dukani wala kwenye gari kimya. Anayeingia kimya anaonekana hakulelewa. Hapo watoto wa Tanga hatuna la kufundishwa. Asubuhi moja kituoni nilimsalimia bibi mmoja aliyekuwa na kikapu, nikaona ndani yake shelisheli, kubwa, bado linatoka maziwa kwenye kikonyo. Nikamwambia hilo na kwetu lipo. Hakuamini. Akaniuliza tunalipikaje, nikamwambia kwa tui la nazi, chumvi kidogo, na pilipili moja nzima isiyopasuka. Yeye akasema kwao wanalichoma zima kwenye moto mpaka ganda liwe jeusi, ndipo wanalipasua na kutia siagi. Basi lilipofika tulikuwa bado tunabishana kuhusu siagi. Alishuka kabla yangu, lakini kesho yake kituoni aliniita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara, na mpaka naondoka nilikuwa na mtu wa kumwamkia Oistins.

Ijumaa waite wenzako waje kwako. Usiku wa Ijumaa Oistins wanachoma samaki sokoni hapo pwani: nduwaro, jodari, faulusi. Faulusi wao wanamwita "dolphin", jina ambalo kwa Kiingereza cha kwingine ni la pomboo, usishtuke, si pomboo. Mnakaa kwenye mabenchi, kila mtu ananunua sahani yake na kuilipa mwenyewe dirishani, kwa hiyo ile "tugawe sawa" haina pa kuingilia. Wavuvi wa pale waliumia sana Julai 2024, kimbunga Beryl kilipovunja boti nyingi za pwani ya kusini. Hela yako ikiangukia mikononi mwao nitafurahi.

Shangazi alikuwa na zaidi ya miaka themanini 2019. Nilimpelekea kanga. Akapika chakula chao cha heshima: ugali wa mahindi uliosongwa na bamia mpaka ukalainika, na samaki warukao juu yake, na mchuzi. Akaniwekea sahani, akaifunika na nyingine, akanisukumia. Hakusema kitu, wala mama yako mdogo hakusema. Nikaifunua nikala, na machozi yalinitoka mbele zao.

Sasa wewe fanya hivi. Waandikie leo, kabla hawajalipia vyumba, maana wakishalipa maneno yako yatakuwa lawama. Waambie: "Nakuja. Hoteli siimudu, nimechukua chumba cha kupanga kusini. Asubuhi saa tatu nitakuwa ufukweni kwenu. Jioni moja nitakula nanyi Holetown na nitalipia nilichoagiza. Ijumaa mnakuja kwangu Oistins." Usieleze zaidi. Ukieleza sana wataona unaomba, na huombi. Tena waulize kama Februari ni lazima. Bei kule ziko juu tangu katikati ya Desemba mpaka katikati ya Aprili, watu wa baridi wakikimbilia jua. Mei inashuka sana, na msimu wa vimbunga haujaanza mpaka Juni. Huenda mmoja wao naye anapiga hesabu gizani na anasubiri mtu aseme.

Saint Lucia sina mengi. Viwanja vya ndege viko viwili: Hewanorra uko kusini kabisa na Rodney Bay iko kaskazini, teksi yake ni zaidi ya saa moja ya milima na kona. Kutoka Barbados tafuta ndege inayotua Castries, hapo karibu. Dola yao ni ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa moja ya Marekani, kwa hiyo swali lilelile la "dola ipi?" linakusubiri. Ijumaa wao wanakutana mitaani Gros Islet, kijiji jirani na Rodney Bay.

Na ile suruali yako ya mabaka ya jeshi iache Toronto. Barbados raia kuvaa mabaka ni kosa la jinai, hata mtoto mdogo.

Mama yako mdogo nimeshampigia. Shangazi alitutoka, Mungu amrehemu, lakini nyumba ipo na binamu yake anapangisha kile chumba cha nyuma. Namba yake nitakutumia. Kanga niliyompelekea shangazi ilikuwa kipande kimoja cha doti. Cha pili kilibaki kwangu, na ndicho nilichokitandika Holetown. Mtoto wa jirani anarudi Canada wiki ijayo, nimempa akuletee. Ukishawaandikia wenzako, nitumie majibu yao usiku huohuo. Huku kutakuwa alfajiri, nitakuwa macho.

Mama yako