Jibu: Tumefunga mwamba wa pweza, majirani wanachokoa usiku

Salaam ndugu yangu wa Msimbati. Nimekusoma: BMU yenu, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, imefunga mwamba miezi mitatu pweza wasivuliwe, wakue, na watu wa kijiji cha pili wanaingia na tochi usiku wa bamvua, maji yanapotoka sana.

Kabla ya kukimbilia doria, angalia muhtasari wa kikao. Uamuzi ulipita mkutano mkuu wa kijiji, au walikaa viongozi sita chini ya mwembe? Huku Kilwa tulianza hivyo hivyo. Tukamkamata kijana na ndoo ya pweza, akauliza "sheria ipi?" Tukabaki kutazamana. Sheria ndogo haina meno mpaka halmashauri iipitishe, kwa hiyo mtafuteni afisa uvuvi mapema.

Halafu, hao majirani mliwaita? Mwamba hauna ua. Sisi tulipowapa nafasi siku ya kufungua, wakageuka walinzi, tena wakali kutuzidi. Kina mama wanaochokoa maji yakitoka nao waingie kwenye kamati. Wanajua kila shimo, na mkifunga wao ndio wanakosa kitoweo. Ndiyo maana msifunge mwamba wote, acheni kipande.

Kuonyesha mpaka wa sehemu iliyofungwa, boya za madumu zinatosha, ila kusi ikivuma kamba hukatika.

Siku ya kufungua wekeni mizani ufukweni. Pweza wa chini ya nusu kilo haruhusiwi hata mwamba ukiwa wazi. Na jike aliyelalia mayai shimoni mwacheni: hutaga mara moja tu, kisha hufa.