Kwenda Gede peke yako kutoka Pemba: hesabu huanzia kwenye boti

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa kike wa somo la historia katika skuli moja ya sekondari, Chake Chake. Kila mwaka nawasomesha wanafunzi habari za miji ya kale ya mwambao, na nimeshawapeleka Pujini na Ras Mkumbuu, lakini mwenyewe sijawahi kuvuka mpaka. Likizo ijayo nimekusudia kwenda Kenya, peke yangu, kuyaona magofu ya Gede, na nikijaaliwa nifike Mombasa na Lamu pia. Nina siku tisa na shilingi laki saba. Naomba unieleze nipite njia gani, nichukue hati zipi, na pesa hizo nizigawe vipi zisije zikanikatikia njiani. Wapo wanaoniambia kuwa rahisi zaidi ni kupanda mashua Wete hadi Shimoni. Je, ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia mengine yote. Usipande mashua hiyo. Chombo cha mizigo au cha uvuvi hakikuandikishwa kubeba abiria, mkondo wa Pemba ni wenye kina kirefu na maji makali, na sisi watu wa visiwani tulioyaona ya Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, hatuna haja ya kukumbushwa maana ya chombo kilichopakia kisivyo. Tena hata ukifika salama, utakuwa umeingia Kenya kwa bandari bubu, bila muhuri katika pasipoti, na kizuizi cha kwanza cha polisi kwenye barabara ya Mombasa kitakufanya mkosaji. Urahisi wake unaishia ufukweni.

Sasa safari yenyewe. Kazi yangu ni kupanga safari, na kabla ya hapo niliongoza wageni Mji Mkongwe kwa muda mrefu, na wengi wanaoniuliza swali kama lako huanza kwa kufungua ramani na kuunganisha miji kwa mistari. Mtu anayetoka Pemba hawezi kuanza hivyo. Boti ya Pemba na Tanga haiondoki kila siku, na ratiba yake hubadilika kwa msimu, kwa matengenezo na kwa hali ya bahari. Kwa hiyo kabla hujahesabu hata senti moja, nenda ofisi ya boti ukaulize siku za kwenda na siku za kurudi katika wiki unayoikusudia. Ukishazijua, ishike siku ya kurudi kwanza, kisha urudi nyuma ukipanga usiku mmoja mmoja: usiku wa mwisho bara lazima uwe Tanga, wa kabla yake Mombasa, na kuendelea hivyo mpaka ufike siku ya kuondoka.

Jambo hili nimelijua kwa kulipia. Mwaka mmoja wakati wa kusi nilirudi Tanga kutoka Mombasa nikiwa na tikiti ya boti mkononi na pesa za chakula cha mchana tu mfukoni. Dirishani pamebandikwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, "hali ya bahari", hakuna zaidi. Boti haikuondoka siku ile wala siku iliyofuata. Mwenye nyumba ya wageni, ambaye jana yake alinikaribisha kwa bashasha, alilishikilia begi langu nyuma ya meza yake mpaka dada yangu aliponitumia pesa kwa simu. Tangu hapo simpangii mtu safari ya bara isiyo na siku ya akiba upande wa kurudi, na katika siku zako tisa nakuwekea mbili. Ikiwa boti ya Tanga haipo kabisa wiki hiyo, njia iliyobaki ni ya Unguja, Dar es Salaam, kisha basi la Mombasa. Inafika, lakini inakula siku na nauli zaidi, na ningekushauri uahirishe kuliko kuipita kwa pesa ulizonazo.

Kuhusu hati, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi hakitoshi, wala kile cha taifa. Watu huchanganya kwa sababu wamesikia kuwa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa vitambulisho tangu 2014. Ni kweli, lakini Tanzania haikuingia katika mpango huo. Chukua pasipoti, na gharama yake usiitoe katika hizi laki saba. Kenya iliondoa viza mwezi wa Januari 2024 ikaweka kibali cha kuombwa kwa mtandao kabla ya safari, na sisi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tumesamehewa kibali hicho; basi akitokea mtu Tanga au mpakani akakwambia anakuombea kibali kwa malipo kidogo, mpite. Hati ya pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wengi huidharau wakati wa kwenda, kisha wakaulizwa wakati wa kurudi, maana Tanzania huidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kenya imo. Chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku kumi, na tangu 2016 kadi yake haiishi muda, kwa hiyo ukichoma sasa umemaliza.

Njia ni hii. Siku ya kwanza unavuka hadi Tanga na unalala hapo. Siku ya pili unachukua basi la asubuhi la Mombasa, ambalo hupita mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Hapo abiria wote hushuka na basi husubiri, lakini halisubiri milele: uwe na pasipoti mkononi, usikae mwisho wa mstari, na kabla hujaondoka dirishani ufungue ukurasa uhakikishe kuwa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya yote miwili ipo. Vijana wanaobadilisha pesa mpakani watakuzunguka. Badilisha kidogo tu kwa wao, kiasi cha chai na nauli ya mjini, uhesabu noti moja moja zikiwa zimekunjuliwa, na nyingine ubadilishe benki. Ikitokea basi limekushusha upande wa Likoni, kivuko cha kuingia kisiwani Mombasa ni bure kwa anayetembea kwa miguu.

Siku ya tatu panda matatu ya Malindi, ambayo ni mwendo wa kilomita 120 hivi, na usishuke Gede ukiwa na mzigo. Pitiliza hadi Malindi mjini uweke begi lako. Watamu iko karibu zaidi na magofu, lakini ni mji wa mahoteli ya ufukweni na bei zake ni za wageni wa ufukweni. Malindi ina nyumba za wageni za wafanyabiashara wadogo, safi za kutosha, na kutoka huko hadi Gede ni kilomita 16 za matatu, kisha mwendo mfupi wa miguu au bodaboda kutoka barabara kuu.

Nenda Gede mara mbili. Mara ya kwanza alasiri ya siku hiyo hiyo ya tatu, pamoja na muongozaji wa pale pale. Mara ya pili asubuhi ya siku ya nne, peke yako, mlango unapofunguliwa saa mbili. Kiingilio utakilipa mara mbili na naona ni pesa iliyokwenda mahali pake, kwa sababu ziara ya kwanza hujaa maelezo, na ni ya pili inayokupa nafasi ya kutazama. Mji ule umezungukwa na ukuta wa nje unaokumbatia kiasi cha ekari 45, na wewe uliyekwisha kulishika jiwe la tumbawe la Ras Mkumbuu utayasoma majengo yake kwa haraka kuliko mgeni wa Ulaya. Tazama Msikiti Mkuu wa karne ya 15, na juu ya tao la mlango mmojawapo uutafute mkuki uliochongwa. Tazama kisima chake na mahali pa kutilia udhu, kisha ujiulize habari ya maji, maana mji ulihamwa katika karne ya 17, na kushuka kwa maji ya visima ni moja ya sababu zinazotajwa, pamoja na vita na mashambulizi ya wakati huo. Halafu liendee kaburi lenye tarehe. Mwaka uliochorwa katika chokaa yake ni 802 Hijria, sawa na 1399, na wanafunzi wako wakiiona picha yake watakuwa wameona tarehe iliyoandikwa na watu wa mji wenyewe.

Jambo jingine la kuwachukulia wanafunzi: Wareno walikaa Malindi kwa miaka mingi katika karne ya 16, mwendo wa nusu siku tu kwa miguu, wala hakuna maandishi yao yanayoutaja mji huu kwa jina la Gede. Yaliyoelezwa juu yake kwa sehemu kubwa yametoka ardhini. Mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman alichimba pale kuanzia 1948 kwa miaka kumi, akaziita nyumba kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Ni huyo huyo aliyekuja kuchimba Ras Mkumbuu. Kwa hivyo kabla hujaondoka Pemba rudi Ras Mkumbuu siku moja, upime kwa hatua msikiti na makaburi yake ya nguzo, na daftari hilo uende nalo Gede. (Chakula usiende nacho mkononi. Kima wa pale hawana adabu, wanapora mpaka mfuko.)

Ngome ya Yesu ya Mombasa iweke siku ya tano, ukiwa unarudi. Sababu ni kwamba vyombo vya udongo na vya kaure vilivyochimbuliwa Gede vimewekwa katika makumbusho yake, na bakuli lililopasuka lina maana nyingine kwa mtu aliyesimama juzi katika chumba lilimotoka. Ngome yenyewe, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuchukuliwa na Waomani 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696, utaisomesha mwenyewe kuliko mimi. Siku ya sita unarudi Tanga, ya saba boti, na mbili zinabaki.

Mafungu ya pesa nayapanga hivi. Kabla ya jambo lolote toa laki moja na nusu, ziweke mbali na nyingine, zisiwe katika simu wala katika pochi ya kila siku. Hizo ni za kuzuiliwa na bahari au kuugua, na ukirudi nazo nyumbani hukukosea. Katika laki tano na nusu zinazobaki, laki mbili ziwe za nauli zote za kwenda na kurudi, laki moja na themanini za kulala usiku sita, yaani elfu thelathini kwa usiku, laki moja na kumi za chakula, na elfu sitini za viingilio na muongozaji. Nauli ya boti ikizidi ulivyotarajia, punguza chakula cha hotelini na wala usiguse fungu la muongozaji. Kwenye malango ya makumbusho ya Kenya onesha pasipoti kabla ya kulipa, kwa sababu watu wa Afrika Mashariki wana kiwango chao, chini ya kile cha wageni wengine. Tangu 2023 serikali ya Kenya imehamishia malipo yake katika mfumo wa mtandao wa eCitizen, na noti mkononi huenda isipokelewe. Nunua laini ya simu Mombasa, waisajili kwa pasipoti yako, uweke pesa kidogo za M-Pesa.

Habari ya kwenda peke yako, ruhusa ya nyumbani ni baina yenu na siingii humo. Langu ni la vitendo: safiri mchana, uwe umeshafika unapolala kabla ya magharibi, na kila ukifika mpelekee ujumbe mtu mmoja yule yule. Ulizia pia hapo Chake nani ana jamaa upande wa Kwale au Kilifi. Wapemba wapo huko kwa vizazi, na mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa raia; usiku mbili kwa jamaa wa jirani yako zitakupunguzia elfu sitini, na utakula samaki aliyepikwa kama unavyomjua.

Lamu iache. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200 kwa kwenda tu, barabara yenye vizuizi vya ukaguzi, kisha boti tena, na siku mbili ulizonazo ni za bahari ya kurudi Pemba.