Umewekwa admini wa grupu ya mazishi? Soma hii kwanza

Juzi dada mmoja wa Kayole ameniandikia: "Kaka, nimewekwa admini wa grupu ya WhatsApp ya mazishi ya mjomba, pesa inaingia vizuri lakini watu wameanza kununa, nifanyeje?" Dada yangu, umeuliza mtu aliyeungua.

Mimi nilikuwa admini hodari, wacha nijisifu kidogo. Baba mdogo alipotuacha, ndani ya saa moja grupu iko, namba ya M-Pesa ya mweka hazina imewekwa juu kabisa, mtu akituma naongeza jina kwa listi, fulani 500, fulani 1,000, tiki ya kijani, narusha tena. Wazee wetu wa Magharibi, kabla M-Pesa haijaanza 2007, wakifiwa huku Nairobi walikuwa wanakutana jioni baada ya jioni, pengine kwa ukumbi kule Kaloleni, pengine kwa sebule ya mtu, pesa inawekwa mezani na mmoja anaandika kwa kitabu cha Kasuku. Mimi nikajiona nimewapita wote na sijatoka hata kwa kiti.

Mambo ya leseni, gari na jeneza nayaruka, unayajua.

Usiku wa mwisho nyumbani Vihiga nikapewa maiki nisome listi. Nikasoma majina yote 112, na sauti nikaikaza. Nikashuka nikaenda jikoni kutafuta chai, nikamkuta senje, dada ya marehemu, anakwangua ukoko kwa sufuria. Hakuinua macho, aliuliza tu, "Kwani mimi sikuja?"

Senje ana kabambe, ile simu ndogo ya kubonyeza, WhatsApp haijui. Lakini huku Nairobi alikuwa amelala chini kwa mkeka na mama mdogo siku nane, amekuja na gorogoro mbili za maharagwe, anapokea wageni, anaosha vikombe. Kwa listi yangu hayupo. Yupo binamu aliyetuma 200 na emoji ya kulia.

Baadaye nilipekua kitabu cha Kasuku cha mazishi ya babu, 1994. Kuna shilingi, sawa, lakini kuna pia "kuni mizigo 3", "jogoo 1", na mbele ya jina la mama mmoja mweka hazina ameandika tu "amelala siku nne". Nilikaa na hiyo laini muda mrefu. Simu haikunikataza kuandika hivyo, ni mimi sikufikiria, kwa sababu kinacholia kwa simu ni pesa.

Kwa hivyo dada, andika vitu vyote. Maharagwe andika, aliyelala andika, aliyechota maji andika. Wenye kabambe wapigie simu mwenyewe, usingoje waonekane. Na kiasi usikianike, weka majina peke yake, mweka hazina abaki na hesabu, maana ukianika mwenye mia anaona haya na mwenye elfu kumi anataka kushukuriwa kila asubuhi. Halafu nasema tena, andika vitu vyote.

Na jitayarishe kuumia. Tangu 2022 mtu akitoka grupu ni maadmini tu wanaoarifiwa, wengine hawapati taarifa. Baba yangu alipolazwa tukafungua ya bili ya hospitali, nikawa naona jina moja moja likitoka, watu niliowachangia harusi, tena wengine nikikutana nao tao wananikumbatia kabisa. Siwataji. Lakini jamani, tangu lini kutuma elfu moja na kuandika "poleni" kukawa ndiyo kufika matanga? Fikeni! Kaeni kwa kiti cha plastiki, mnywe hiyo chai ya rangi, hata nusu saa.

Senje nilimwendea na kilo mbili za sukari. Alinipokea vizuri, akanipikia kuku, tukacheka. Lakini mpaka leo akinijulisha kwa wageni anasema, "Huyu ndiye yule wa kusoma majina."