Barua kwa mwanangu: mpira usio na uzito

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya wiki iliyopita imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza kama mtu aliyesomea uhasibu, ambaye hajawahi kukanyaga chuo cha sanaa, anaweza kuacha ofisi na kuingia katika uhuishaji wa katuni, yaani kuzifanya picha zitembee, kama nilivyoingia mimi, fundi wa mabango niliyejifunza kuchora mtaani. Inawezekana, lakini kazi usiiache bado, na sababu yangu haihusu mkono wako, maana mkono unao tangu utotoni.

Wakati bado naandika majina ya saluni na maduka ya dawa huko Temeke, nilimwona kwenye kompyuta ya jirani tembo wa Tingatinga akitembea. Kilikuwa kipindi cha watoto, Tinga Tinga Tales, kilichoanza kurushwa mwaka 2010 na ambacho wahuishaji wa Nairobi walikitengeneza kwa kufuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, yule aliyeanza mwaka 1968 hapa Dar es Salaam kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi bila kupita shule yoyote ya sanaa. Rangi za namna ile nilizijua hata kwa harufu. Nikajiambia kwamba ikiwa picha ya hadibodi inaweza kuinuka ikatembea, basi hata mimi nafasi ninayo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kinachoitembeza picha ni uzuri wake.

Studio ndogo niliyoiendea haikushughulika sana na michoro niliyoibeba. Nilipewa jaribio la mpira unaodunda, basi. Nilichora mipira 24, kila mmoja na kivuli chake na mng'aro wake, nikaipanga kwa nafasi sawasawa kama nilivyozoea kupanga herufi kwenye bango. Msimamizi aliitazama ikienda, akasema, "Mpira wako hauna uzito," akarudi kwenye meza yake.

Bila shaka unaikumbuka jioni ile nilipokusimamisha uani urushe chungwa juu, tena na tena, huku nikipiga alama za chaki ukutani, hadi mama yako akauliza kama tumerukwa na akili. Chungwa likikaribia kilele husitasita, kwa hiyo michoro ya hapo husongamana. Likianza kushuka huongeza kasi, na michoro huzidi kuachana mpaka chini. Nilikuwa na miaka kumi ya brashi na sikuwa nimeliona hilo. Sasa piga hesabu, wewe mhasibu: filamu hupita fremu 24, yaani picha moja moja, kwa sekunde, na hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, dakika moja inakudai michoro 720, ambayo mingi utaitupa. Ndiyo maana nasema mshahara uendelee kuingia, nawe ujifunze usiku.

Vifaa visikutishe. Blender, programu ya kompyuta ya kuhuishia, ni ya bure, kwa sababu mwaka 2002 watumiaji walichanga euro 100,000 ili iwe mali ya wote.

Umenitajia pia Gints Zilbalodis, mtengenezaji wa filamu za katuni wa Latvia, kama ushahidi kwamba mtu hahitaji mwalimu wala mwenzake. Ni kweli alijifunza mwenyewe, na filamu yake Away ya mwaka 2019 aliitengeneza peke yake, hata muziki, kwa miaka mitatu na nusu. Lakini Flow, ile ya paka na mafuriko iliyotengenezwa kwa Blender na kupata Oscar mwaka 2025, aliifanya na timu ya Latvia, Ufaransa na Ubelgiji. Mimi naona sehemu hiyo ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi. Kujifunza mwenyewe kulinichelewesha si kwa kukosa cheti, bali kwa kukosa jicho la mtu mwingine. Kosa ambalo yule msimamizi aliliona kwa sekunde tatu, mimi ningekaa nalo mwaka mzima nikiongeza mng'aro. Tafuta wenzako wawili watatu mkosoane kila wiki, na uvumilie maneno yao.

Na usichore kwa ahadi ya mdomo. Kampuni moja ilichukua wahusika wanne niliowabuni, ikalipa nusu, na nilipodai iliyobaki niliulizwa mkataba uko wapi.

Anza na mpira. Ukimaliza, nihuishie gunia la unga linaloamka, linajinyoosha, kisha linaruka ngazi moja. Halina uso wala mikono, kwa hiyo hutakuwa na pa kujificha. Sekunde tano zinatosha. Nitumie bila maelezo yoyote, nami nitakuandikia kilo ninazodhani limebeba.

Mama yako anakusalimu.

Ni mimi baba yako.