Jamani ng'oeni hayo maturubai

Jana saa 11 jioni naingia bandani nakuta kijana wangu mpya wa field, mwanafunzi wa mifugo aliyekuja kwa mazoezi, amegongelea turubai la bluu kuanzia kwenye kenchi mpaka chini kwenye zege, pande zote nne, msumari kila shubiri, na yeye amesimama mlangoni anasubiri kupongezwa. "Mama, leo ndama hawapigwi na baridi." Sikumjibu, nilichukua nyundo nikaanza kung'oa misumari mwenyewe, dogo ananiangalia kama nimerukwa na akili.

Huyu ni wa nne. Kila mwaka Juni ikianza kuisha, mlima haujaonekana wiki mbili, manyunyu yanashuka tangu alfajiri, lazima mmoja wenu nyie vijana wa field agundue turubai. Na simu nazo, dada mmoja kanunua mtamba wake wa kwanza (jike ambaye hajazaa) juzi tu ananiuliza amshonee koti. Sasa naandika mara moja, mkipiga tena nawatumia hii.

Mimi niko Machame juu, mlimani Kilimanjaro, nafuga tangu 2007, nilianza na mtamba mmoja wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe na sa hivi nakamua sita. Siwaelezi ndigana (ule ugonjwa wa kupe) ni nini wala chupa (kupandikiza mbegu bila dume) ni nini, mmeyasoma chuoni. Nawaambia ya baridi tu.

1. Maji. Maji ya mfongo, ule mfereji wetu, yanatoka msituni huko juu, mwezi huu yana ubaridi wa kung'oa meno, ng'ombe anaonja mara mbili anaacha halafu mnakuja kuniambia "mama maziwa yamepungua sijui kwa nini". Maziwa ni maji, kama asilimia 87 hivi, sasa unategemea ayatoe wapi. Teka mchana, acha yatulie kwenye pipa bandani, jioni changanya na sufuria moja ya moto. Basi.

2. Migomba. Najua majani hayakui msimu huu na kutuma mtu akate tambarare ni hela, kwa hiyo mnamkatakatia mgomba hori linajaa mpaka linamwagika, ng'ombe anakula kutwa, tumbo limetuna, nyie roho zenu zimetulia. Wanangu, kwenye shina la mgomba zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 ni maji. Huyo hajala, kanywa. Mgomba uende pamoja na mabua makavu, pumba na mashudu, na madini kila siku, siyo siku ukikumbuka.

3. Turubai sasa. Hapa mnivumilie maana ni parefu na sijawahi kupasema pote.

Julai 2011 nilikuwa na ndama wawili majike, wote wa chupa, mmoja wa ng'ombe wangu Upendo alikuwa na wiki tano na mwingine wa mwenzake Neema wiki tatu. Mbegu nilisubiri miezi, hela nilitoa kwenye kahawa, yaani wale ndama kichwani kwangu walishazaa na kukamuliwa na ada ya mtoto ilishalipwa. Ikaja wiki ya baridi hasa, ile ya kuvaa sweta mbili kwenda kukamua. Nikashuka Moshi mjini, Mbuyuni, nikanunua maturubai mawili mazito, nikarudi nikafunga chumba cha ndama hivi hivi alivyofunga kijana jana. Usiku ule nikaingia na tochi, ndani kuna kajoto, nikajisikia mfugaji bora. Jumapili nje ya kanisa nikawasimulia wamama wenzangu wa kwaya, na jirani yangu wa bondeni, mtu mwema kuliko mimi, akaniuliza nimenunua wapi na bei gani, Jumatatu na yeye akafunga.

Siku ya tatu asubuhi nakuta matone yananing'inia kwenye bati kwa ndani, yanadondoka juu ya migongo ya ndama. Nikasema bati linavuja. Nikaita fundi, akapanda, akazunguka juu kule nusu saa kwenye manyunyu, akashuka akasema mama hamna tundu. Nikamwambia hajui kazi. Nikamlipa huku nimenuna. Kumbe yale matone ni pumzi zao wenyewe na mvuke wa mkojo, vimekosa pa kutokea, vinapanda vinakutana na bati la baridi vinarudi chini. Banda lilikuwa linaniambia kabisa tatizo ni nini, mimi nikaliitia fundi.

Siku ya tano wa Neema akaanza kukohoa. Mtu mwenye akili angefungua. Mimi nikasema, ahaa, kuna baridi inapenya, nikaziba na gunia pale chini ya mlango, halafu, Mungu anisamehe, jioni nikaingiza jiko la mkaa. Baba watoto ndo aliyelitoa, alipiga kelele mpaka wa ng'ambo ya korongo wakasikia, alisema moshi wa mkaa unaua watu ndani ya nyumba wewe unaupeleka kwa watoto wa ng'ombe? Jiko likatoka lakini turubai likabaki, maana nilikuwa nimeshakasirika na mtu akikasirika habadilishi kitu.

Siku ya saba hasimami, masikio yamelala, anapumua kwa tumbo. Nikapima homa, 41. Daktari akaja akachoma sindano alizokuwa nazo, hakusema mengi. Akaniambia, "Mama, piga magoti hapo, kichwa kiwe usawa wa ndama, halafu nihesabie mpaka sitini." Nikadhani tunaomba. Nikapiga magoti na gauni langu. Nilifika ishirini na kitu, macho yanawaka, machozi yananitoka, koo linakereketa, nikainuka nakohoa. Akasema, "We umevumilia nusu dakika. Huyu kalala hapo siku saba."

Ndo akanieleza, na mimi nawaeleza nyie. Mkojo na mavi vikikutana pale sakafuni vinatoa amonia, we uliyesimama unasikia harufu kidogo tu ya zizi, aliyelala ndo anaivuta kutoka kwenye chanzo. Inachubua njia ya hewa yote, vile vinyweleo vya kusafisha mapafu vinashindwa kazi, vijidudu vya kawaida ambavyo vipo siku zote vinapita moja kwa moja. Ongeza unyevu juu yake, manyoya hayakauki, na ndama mwenye manyoya mabichi hana koti. Baridi peke yake haikumgusa. Nilimpikia nimonia mwenyewe kwa hela ya kahawa.

Alikufa Alhamisi kabla hakujapambazuka. Wa Upendo alipona ila hakuwa ng'ombe, alikohoa mpaka mtamba, akachelewa kushika mimba, alipozaa akatoa vikombe siyo lita, nikamuuza. Na jirani wa bondeni, ndama wake alikufa wiki iyo hiyo. Alikuja kunipa pole, na mimi nikampa pole, tukakaa pale jikoni tunalaumu baridi ya mwaka ule. Nilikuwa nimeshaongea na daktari. Nilikuwa najua. Sikumwambia. Mwaka uliofuata Neema akazaa jike tena, huyo ndama nikampelekea jirani Desemba nikasema zawadi ya Krismasi, akalia, watu wakanisifu usharika mzima. Akisoma hapa basi ajue lile lilikuwa deni.

Kwa hiyo, cha kufanya. Ziba upande upepo unakotokea tu, kuanzia chini mpaka usawa wa ndama akisimama, juu acha wazi hewa itoke. Matandiko makavu na mengi, maranda, mabua ya ngano kama una mtu West Kilimanjaro, majani makavu ya mgomba yapo bure kihambani kwenu, kwenye shamba la nyumbani. Ndama akilala ukaiona miguu yake yote basi ni machache, ongeza mpaka izame. Na maziwa, mwongezee, maana huyu tumbo lake bado halijaanza kuchachusha majani, joto lake lote linatoka kwenye maziwa, mpe ya uvuguvugu wa mwilini siyo yale ya kwenye ndoo yaliyolala. Aliyezaliwa leo mkaushe kwa gunia mpaka manyoya yasimame, kitovu iodini, dang'a (maziwa ya kwanza ya mama yake) ndani ya saa moja au mbili za kwanza, usisubiri kondo litoke, wala usisubiri mimi niamke.

Ng'ombe mkubwa mwacheni. Friesian asili yake Uholanzi, kwao kuna barafu, na tumbo lake ni tanuri linalowaka usiku kucha mradi ana kitu kikavu cha kutafuna. Huyo dada wa koti, we mnunulie mashudu.

4. Joto. Hii ni ya lugha. Kuna kijana, miaka mitatu iliyopita, ananiita mbio saa 12 asubuhi, "Mama, Malaika ana joto!" Nikafurahi maana nilikuwa nahesabu siku 21 za mzunguko wake wa kutaka dume nazipoteza. Nikampigia mhimilishaji, yule wa kupandikiza mbegu, akapanda na pikipiki kwenye ukungu huwezi kuona hata gurudumu la mbele, matope mpaka kwenye helmeti, kafika, kavaa glavu ndefu, kamwangalia ng'ombe, kavua glavu. Malaika alikuwa na homa 40.6, kiwele robo moja imekuwa jiwe. Kijana alimshika sikio akakuta la moto. Chai nilimpa mhimilishaji na mafuta ya pikipiki nikalipa. Toka siku ile hapa kwangu ni "homa" au "anataka dume", neno joto nimelipiga marufuku. Na hao wanaotaka dume waangalieni hasa usiku na alfajiri, najua blanketi ni tamu. Ukimwona asubuhi anasimama kupandwa, mpandishe jioni. Ukimwona jioni, kesho asubuhi.

5. Kukamua. Mikono ya baridi kwenye chuchu, ungefanyiwa wewe ungeshusha? Maji ya vuguvugu, kitambaa chake kila mmoja, kausha, maana chuchu mbichi kwenye baridi inapasuka na kwenye mpasuko ndo ugonjwa wa kiwele unaanzia. Ukishamwosha una kama dakika 5 mpaka 7 za yeye kushusha vizuri, simu weka mfukoni. Matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi uyaangalie, siyo sakafuni. Mafuta ya kukamulia siyo ya kujipaka nyie mikono, naona kopo linavyoisha.

6. Laktomita, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji. Mwaka fulani kituo kimoja cha kupokea maziwa walinirudishia ndoo nzima mbele za watu, kwamba nimetia maji, imesoma 26. Nilitaka ardhi ipasuke, mama mzima wa kanisa. Maziwa nilikuwa nimeyakamua nikayakimbiza yanafuka moshi, na yule binti mgeni kwenye kazi kayapima vile vile. Kipimo kile kimetengenezwa kwa maziwa ya digrii 20. Kila digrii moja juu ya hapo unaongeza 0.2, kwa hiyo yakiwa 35 unaongeza 3, ile 26 yangu ni 29, maziwa halali kabisa. Kinyume chake na nyie msimu huu mnapima alfajiri maziwa yamelala nje yako kama barafu, yanasoma juu, mnajiona ng'ombe wenu wameenda shule. Pasha kidogo, pima kwa themomita kwanza, halafu ndo ujisifu.

7. Baridi inapunguza kupe, haiwamalizi. Aliyeacha kuogesha ng'ombe dawa ya kupe mwezi wa 6 anachimba shimo mwezi wa 9. Ogesha saa nne au tano kakiwa na kajua, siyo jioni.

8. Biogesi ikipungua Julai haijaharibika. Wale bakteria na wao wanataka joto. Punguza maji ya baridi kwenye kuchanganya, tumia mkojo, na msimpigie fundi wala msifungue mfuniko, nyie vijana mnapenda sana kufungua vitu.

9. Mabua. Mavuno tambarare yanaanza, Fuso zinapanda zimejaa, nunueni sasa kabla bei haijapanda, lakini mkipakua mabua yana ukungu wa kijani au meusi rudisha, na mahindi mabovu mnayosema "tutawapa ng'ombe" nayo hapana. Mnakumbuka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Ng'ombe akiila inapita inatoka kwenye maziwa, na maziwa anakunywa mtoto wako. Stoo iwe na mbao chini, yasiguse udongo, na kama inavuja, kweli inavuja siyo ile ya kwangu ya 2011, hapo ndo mahali pa turubai.

La jana tumelihamishia huko. Kijana alikunja mwenyewe kimya kimya, usiku wakati wa kula nikamhadithia yote haya, hakumaliza ugali. Leo alfajiri natoka na ndoo nakuta taa ya chumba cha ndama inawaka, nachungulia, amepiga magoti katikati yao, pua kwenye maranda, anahesabu kwa sauti. Nikampita nikaenda kukamua. Alipofika sitini akatoka na mavi magotini, akaniuliza chai bado?