Nimesoma madaftari mara tatu, mbona mtihani wa majaribio umenishinda?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari na imebaki miezi mitatu kabla ya mtihani. Nimesoma madaftari yangu ya Fizikia, Kemia na Biolojia mara tatu, mwanzo hadi mwisho, na kila ninaposoma naelewa vizuri. Hata hivyo, katika mtihani wa majaribio nimepata alama 41 za Fizikia, 36 za Kemia na 52 za Biolojia. Rafiki zangu wananishauri niachane na madaftari, nikariri majibu ya mitihani ya miaka iliyopita, kwa kuwa maswali hujirudia. Yupo pia mtu anayeuza mkusanyiko wa maswali ambayo anasema ndiyo yatakayotoka. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika barua yako nimesimama pale unaposema kwamba kila unaposoma unaelewa vizuri, kwa maana hapo ndipo tatizo lako lilipojificha, na ndipo linapojificha kwa wanafunzi wengi wanaoniletea malalamiko kama haya kila msimu wa mitihani. Daftari ulilokwisha kulisoma mara mbili, ukilifungua mara ya tatu, macho yanalitambua: unajua kwamba baada ya mchoro wa moyo inafuata aya ya mishipa ya damu, unajua kwamba fomula ya nishati iko chini ya ukurasa upande wa kushoto, na kila sentensi inapita bila kukwama popote. Wepesi huo ndio unaoudhania kuwa uelewa. Mtahini hakuonyeshi fomula akakuuliza kama unaikumbuka sura yake. Anakupa karatasi tupu na hali ambayo hujawahi kuiona, kisha anataka uitoe fomula kichwani, uamue kama inafaa mahali pale, na uitumie. Kusoma daftari, hata ukirudia mara kumi, hakukupi nafasi ya kuifanya kazi hiyo hata mara moja.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma kifungu kifupi cha habari za sayansi katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, na vipindi vitatu vilivyobaki likavitumia kuandika kila lilichokumbuka bila kukiangalia tena. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83 na wenzao asilimia 71. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 40, na waliojipima walikuwa na asilimia 61. La kuzingatia zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani kubwa kuliko wengine kwamba wangekumbuka. Hali yako ndiyo hiyo, na ndiyo maana mtihani wa majaribio umekushangaza.

Sasa niuseme ushauri wa rafiki zako, kwa kuwa ndio unaonikera kuliko kosa lolote lingine katika maandalizi ya masomo ya sayansi. Ni kweli kwamba maswali hujirudia, lakini kinachojirudia ni mada, kwa sababu silabasi ni ileile. Hali inayoelezwa ndani ya swali hubadilika, tarakimu hubadilika, na mara nyingi sharti moja huongezwa au huondolewa. Mwanafunzi aliyekariri jibu huangukia katika sharti hilo moja.

Chukua swali ambalo hutokea mara kwa mara. Gramu 2.4 za magnesiamu zimechomwa katika oksijeni ya kutosha. Tafuta masi ya oksidi ya magnesiamu iliyopatikana, ukichukua magnesiamu kuwa 24 na oksijeni kuwa 16. Aliyekariri anajua kwamba jibu ni gramu 4.0, na pengine anaijua mistari yote ya hesabu: moli 0.1 za magnesiamu (moli ni kipimo cha wingi wa chembe, hupatikana kwa kugawanya gramu kwa masi ya atomu au molekuli), moli 0.1 za oksidi, zidisha kwa 40, yaani 24 na 16. Mwaka unaofuata mtahini anaandika kwamba gramu 2.4 za magnesiamu zimechomwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye gramu 0.8 za oksijeni. Aliyekariri anaiona 2.4, anaandika 4.0 bila kusita, na anatoka chumba cha mtihani akiwaambia wenzake kwamba swali la magnesiamu lilikuwa rahisi. Hajajiuliza gramu hizo nne zimetoka wapi ilhali vitu vyote viwili kwa pamoja vina gramu 3.2 tu, na masi haiongezeki katika mmenyuko wa kikemia.

Aliyeelewa anaanza kwa kuuliza ni kipi kitakachokwisha kwanza. Gramu 0.8 za oksijeni ni moli 0.025, kwa kuwa molekuli ya oksijeni ina atomu mbili na masi yake ni 32. Mlinganyo 2Mg + O₂ → 2MgO unamwambia kwamba kila moli moja ya oksijeni hutumia moli mbili za magnesiamu. Kwa hiyo zitatumika moli 0.05, yaani gramu 1.2 tu, na gramu 1.2 nyingine zitabaki bila kuungua. Oksidi itakayopatikana ni moli 0.05, sawa na gramu 2.0. Kisha anajihakiki mwenyewe kabla mtahini hajamhakiki: 1.2 na 0.8 zinaleta 2.0, hesabu imekaa. Hakuna mahali popote katika hatua hizo ambapo kukariri kungemfaa, isipokuwa katika masi za atomu, nazo zilikwisha kuandikwa ndani ya swali.

Katika Fizikia ugonjwa ni huohuo. Jiwe linarushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na mchapuko wa uvutano, yaani kiwango ambacho uvutano hubadilisha kasi kila sekunde, unachukuliwa kuwa 10 m/s². Karibu darasa zima litapata kwamba jiwe linafika kileleni baada ya sekunde 2, likiwa mita 20 juu ya pale liliporushwa. Kisha kinafuata kipengele kifupi kinachouliza mchapuko wa jiwe likiwa kileleni ni kiasi gani, na hapo wengi wanaandika sifuri, wakieleza kwamba jiwe limesimama. Kilichofika sifuri kwa nukta hiyo ni kasi. Mchapuko ni 10 m/s² kuelekea chini, kama ulivyokuwa tangu jiwe lilipotoka mkononi. Laiti nao ungekuwa sifuri, kasi isingekuwa na sababu ya kubadilika tena na jiwe lingebaki limening'inia hewani. Wanafunzi hao wanazijua fomula zote za mwendo. Wasichokijua ni kila herufi iliyomo ndani yake inasimamia nini.

Usijifariji sana na 52 ya Biolojia. Somo hili huwavumilia wanaokariri hadi kiwango fulani, kisha huwakatalia. Vipande vya kiazi vililowekwa katika maji yenye chumvi nyingi, vikalegea na kufupika. Eleza sababu, alama 4. Jibu ninalolisoma mara nyingi mno ni "kwa sababu ya osmosisi". Hilo ni jina la mchakato, na jina pekee haliwezi kubeba alama nne. Mtahini anasubiri uoneshe mfuatano: kwamba myeyusho wa nje ulikuwa na chumvi nyingi, na hivyo maji machache, kuliko utomvu ulio ndani ya seli, kwamba molekuli za maji zilitoka ndani kwenda nje, kwamba zilipita katika utando wa seli, ambao huruhusu maji na kuzuia vitu vingi vilivyoyeyuka, na kwamba seli zilipopungukiwa maji zilikosa shinikizo la kusukuma kuta zake, ndipo kipande kikalegea. Tazama idadi ya alama kabla hujaandika neno la kwanza, kwa maana inakueleza hoja ngapi zinatarajiwa.

Kuhusu majaribio ya maabara nitasema machache tu. Alama nyingi hupotea katika uandikaji wa vipimo. Bureti, mrija wenye vipimo wa kudondoshea myeyusho, husomwa hadi nafasi mbili za desimali, kwa hiyo usomaji wa 24 huandikwa 24.00, titresheni ya kwanza (titresheni ni kudondosha myeyusho mmoja katika mwingine hadi mmenyuko ukamilike), ile ya kukadiria, haiingizwi katika wastani, na jedwali lisilo na vizio vya vipimo halijakamilika hata kama tarakimu zake ni sahihi.

Miezi mitatu inakutosha, mradi uache kusoma kwa macho na uanze kusoma kwa kalamu. Chagua mada moja, funga daftari, uandike katika karatasi tupu kila unachokijua juu yake pamoja na michoro na milinganyo. Ndipo ufungue daftari na kuongeza kwa wino wa rangi nyingine yale uliyoyasahau. Rangi hiyo ya pili ndiyo orodha yako halisi ya mambo ya kusoma, na itakuumiza mwanzoni kwa kuwa itakuwa nyingi. Rudia kesho yake, kisha baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki mbili, kila mara ukianzia karatasi tupu. Ukifika kwenye maswali ya hesabu, changanya mada: fanya moja la umeme, moja la mwendo, moja la joto, kwa sababu katika mtihani hakuna atakayekuandikia juu ya swali kwamba hapa inatakiwa fomula fulani.

Mitihani iliyopita ina nafasi yake, tena kubwa, ila itumie kama kipimo. Ile ya miaka ya karibuni iweke kando bila kuifungua, uje kuifanya katika wiki za mwisho kwa muda uleule wa mtihani, bila daftari wala simu mezani. Iliyobaki ifanye sasa, usahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia kama unaweza kuupata, na kila ulipokosa uandike sababu ya kukosa: je, hukujua, hukulisoma swali vizuri, au hesabu ilikuponyoka? Makosa hayo matatu yana tiba tatu tofauti, na anayeandika tu jibu sahihi pembeni ya kosa hatibu hata moja. Baada ya wiki moja lirudie swali hilo, lakini badilisha tarakimu, au ondoa sharti moja kama nilivyofanya kwa magnesiamu. Ukilipata, umelijua.

Nije kwa muuzaji wa maswali. Usinunue, na nawaomba wazazi pia wasitoe fedha zao huko. Anachokifanya mtu huyu ni hesabu nyepesi: akiorodhesha mada 20 katika silabasi yenye mada 30, hawezi kukosa nyingi zitakazotoka, na baada ya mtihani atatangaza alizopatia na kunyamazia alizokosa. Uharibifu wenyewe uko kwa mwanafunzi aliyemwamini, ambaye ameziacha mada 10 zilizobaki bila kuzigusa. Mbaya zaidi, majibu yaliyomo katika mikusanyiko hiyo mara nyingi hayajapitiwa na mwalimu yeyote; nimewahi kuukuta mchapuko wa jiwe likiwa kileleni umeandikwa sifuri, na mwanafunzi aliyelikariri jibu hilo akabishana nami kwa sababu lilikuwa limepigwa chapa.

Wapo pia wanaojiita wakufunzi wa mbinu za haraka, ambao humfundisha mtoto kuziweka volteji, mkondo na ukinzani ndani ya pembetatu ili afunike herufi moja kwa kidole na kusoma jibu. Mtoto huyo anafaulu zoezi la siku hiyo, kisha anakutana na fomula ya mwendo v² = u² + 2as, ambayo haiingii katika pembetatu yoyote, na anagundua kwamba hajawahi kufundishwa kuhamisha kiwakilishi kutoka upande mmoja wa mlinganyo hadi mwingine. Na wapo wanaouza vidonge vya kuongeza kumbukumbu, au kuwahimiza wanafunzi wakeshe wiki nzima ya mwisho. Usingizi ni sehemu ya kazi ya ubongo ya kuimarisha yale uliyojifunza mchana, na mwanafunzi aliyekesha huingia katika mtihani akiwa amepoteza hata sehemu ya yale aliyokuwa nayo.

Muuzaji wako akibadili maneno na kusema kwamba karatasi alizonazo ni mtihani wenyewe umevuja, basi hapo hatuzungumzii tena namna ya kusoma. Huo ni udanganyifu, na adhabu yake inaweza kuwa kufutiwa matokeo, huku aliyeuza akiwa amekwisha kwenda na fedha. Usizipokee karatasi hizo, usizitume kwa wenzako kwa simu hata kama ni kwa kutaka kujua tu, na mjulishe mkuu wa shule siku hiyohiyo.