Windows 10 ofisini: nimlipe kijana, ninunue mpya, au niache?

SWALI: Papa Fundi, jambo. Nina ofisi ndogo hapa Lubumbashi, tunadeklare mizigo ya malori ya mpaka wa Kasumbalesa. Tuna kompyuta sita, zote Windows 10, nyingi nilizinunua zikiwa zimeshatumika Ulaya. Kila mara zinatuandikia kwamba msaada umekwisha. Kijana mmoja anataka dola 20 kwa kila moja azitie Windows 11 zote, hata zile zinazokataa. Mpwa wangu anasema tuziache, mbona zinafanya kazi? Nimsikilize nani?
Mama K., Kampemba

JIBU: Mama K., mpwa wako ana nusu ya ukweli. Windows 10 haikuzimika tarehe 14 Oktoba 2025, wala haitazimika. Kilichokoma siku hiyo ni marekebisho ya usalama ambayo Microsoft ilikuwa inayatuma bure kila mwezi. Tundu likigunduliwa leo, kwako linabaki wazi. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai pesa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka tangu Machi, lakini wengi hawakukitia. Wewe sasa hata kiraka chenyewe hakikufikii, na mashine zako zimebeba faktura za wateja na nywila za Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha.

Kabla hujatoa hata faranga moja, kaa mbele ya kila kompyuta na daftari. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha soma jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ukikuta i5-6500, ile 6 ya mwanzo ni kizazi cha sita. I5-8500 ni cha nane. I5-10400 ni cha kumi. Kwa Intel, Windows 11 inapokea kuanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana. Muuzaji akikuambia tu "hii ni i5", hajakuambia kitu, maana i5 ya 2012 na ya 2020 zote ni i5. Shika jambo hilo hasa ukienda kununua nyingine. Kompyuta ambazo ofisi za Ulaya zinaziondoa kwa sababu hii hii zinaweza kufika madukani kwetu kwa bei tamu, nawe ukajikuta umenunua tatizo lile lile.

Kizazi cha nane na kuendelea, zikikataa, mara nyingi hazina ubovu. Chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 imezimwa tu ndani ya BIOS, ile mipangilio inayowaka kabla ya Windows. Kwenye mashine za Intel itafute kwa jina la PTT. Au diski iligawanywa kwa mtindo wa zamani, na Windows 10 yenyewe ina programu ya kuigeuza, mbr2gpt, bila kufuta mafaili. Kazi hiyo mpe kijana wako, umlipe kwa haki. Windows 11 yenyewe hulipii, mradi Windows 10 yako ni halali.

Zile za zamani asizilazimishe. Njia zipo, nazijua, na mashine itawaka. Lakini ni sawa na lori lililopita mpakani bila karatasi: linatembea, ila kila kizuizi kipya utatafuta mtu wa kukupitisha. Microsoft haiahidi marekebisho kwa kompyuta hizo, na toleo jipya la kila mwaka halijileti lenyewe. Toleo la 24H2 lilikataa kabisa kuwaka kwenye prosesa fulani za zamani sana. Kijana atakuwa anarudi kila mwaka na mkono wazi.

Kwa hizo una njia mbili. Microsoft inauzia ofisi marekebisho ya ziada ya Windows 10: dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, bei inaongezeka maradufu kila mwaka, na mwisho ni miaka mitatu. Ule mpango wa bure au wa dola 30 ni wa watu binafsi, si wa biashara. Mimi ningelipia mwaka mmoja tu, kwa mashine ambayo huwezi kuibadilisha sasa. Iliyobaki ya kuandika barua na kuchapa, itie Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, na LibreOffice, badala ya Word. Dokumenti za Word zitafunguka, ingawa jedwali moja mbili zitasogea.

Usibadilishe zote kwa siku moja. Anza na ile isiyobeba kazi nzito. Nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, ikiwa imewashwa, andika ufunguo wake kwenye karatasi kabla mtu hajagusa BIOS, la sivyo unaweza kufungiwa nje ya diski yako mwenyewe. Pakua Windows 11 mara moja kwenye flashi ya GB 8, itumike kwa zote, usichome megabaiti mara sita. Mashine ya mezani iwe kwenye onduleri (UPS) yenye betri nzima. Umeme ukikatika katikati, unaweza kuanza upya na Windows iliyovunjika. Fanya Jumamosi mchana. Jumatatu Sydonia ikifunguka, skana ikasoma na printa ikachapa, ndipo uguse ya pili.